Kinywa cha Bi Bahiya

Watoto walimwogopa Bi Bahiya na mama zao walimheshimu, na yote mawili yalitokana na kinywa chake. Pale Kinondoni Mkwajuni, nyuma ya duka la tende na udi aliloachiwa na marehemu mumewe, alikuwa na chuo cha Kurani cha wasichana. Hakufundisha kwa bakora wala kwa kelele. Aliwakalisha mkekani akawaambia, "Msitazame ubao. Nitazameni mie mdomoni," kisha akasoma polepole, nao wakafuata ulimi wake unakokwenda. Ndivyo shangazi yake alivyomfundisha yeye, na shangazi naye alifundishwa hivyo hivyo. Herufi haikamatwi kwa sikio peke yake, hukamatwa kwa macho. Kulikuwa na wanawake wazima, wenye wajukuu, ambao ukiwasikia wakisoma kwenye shughuli yoyote mjini unajua papo hapo kwamba walipita kwa Bi Bahiya.

Sasa mtu kama huyo ndiye aliyeng'oka meno ya mbele. Ufizi uliota usaha, meno manne ya juu yakaondoka moja baada ya jingine mpaka pakabaki pengo la kupitisha kidole. Alipewa meno ya kuvaa na kuvua, akayavumilia, hadi siku ya maulidi ya nyumbani kwa watu kule Kiwalani, yalipochomoka katikati ya dua na kutua kwenye mapaja ya jirani yake. Wanawake wote waliinamisha vichwa kwa heshima. Mabega yao yalikuwa yanatikisika.

Kucheka wacheke, hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba zipo herufi zisizosomeka bila meno ya juu. Thaa, kwa mfano: ncha ya ulimi lazima iguse ukingo wa meno ya mbele, pale katikati, pumzi ipite kwa adabu. Bila meno thaa huwa sini, na neno zima linakwenda kwingine. Bi Bahiya alikuwa tayari kula uji maisha yake yote, lakini kusoma sini mahali pa thaa mbele ya watoto wa watu hakuwa tayari.

Ndipo Jawad alipojitokeza. Jawad alikuwa mtoto wa mdogo wake wa kike, aliyefariki akimwacha mchanga, hata kukaa hajaweza. Bi Bahiya alimchukua, akamlea, akamsomesha, na yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto mwingine. Sasa Jawad alikuwa daktari wa meno mwenye zahanati yake Sinza Mori, ghorofani, na binti yake Khulud ndiye mwanafunzi aliyesoma vizuri kuliko wote chuoni kwa bibi yake.

"Mamkubwa, hayo ya kuvua achana nayo," Jawad alimwambia. "Nakupandikizia. Naweka misumari miwili ya titani ndani ya mfupa, ikishashika juu yake nafunga daraja la meno manne, kwa skrubu. Hayatoki hayo mpaka siku ya mwisho."

Misumari iliwekwa, mfupa ukashika, na siku ya kuchukua kipimo cha daraja ikafika. Jawad alimweleza kila kitu akimwandaa, maana tangu mdogo alikuwa hodari wa kueleza. Jino la kuzaliwa nalo, alisema, lina ulaini wake. Ukilibana linasogea kidogo, linakusamehe. Msumari hausogei wala hausamehe. Kipimo kikikosea hata unene wa unywele, daraja litafungika, lakini litafungika kwa kulazimishwa, na kila siku litakuwa linaivuta misumari huku na huku.

Kipimo cha kwanza alikichukua hivi: alisimamisha vijiti viwili vya chuma juu ya misumari, akajaza sahani ya kipimo dawa ya zambarau, nzito kama donge la mandazi, akaigandamiza juu. Ilipokauka akaichomoa, vijiti vikabaki kinywani. Akavifungua kimoja kimoja, akavirudisha kwa mkono ndani ya mashimo yake kwenye ile dawa. Bi Bahiya alidhani kazi imekwisha, akaanza kutafuta ushungi wake.

"Bado, mamkubwa. Kingine."

Safari hii sahani ilikuwa na tundu juu. Vijiti vilikuwa virefu, na Jawad alivifunga pamoja kwa plastiki iliyogeuka ngumu, akaikata katikati, akaiunganisha upya ili isivute inapokauka. Akajaza dawa, akangoja, akavilegeza kupitia kwenye tundu, na sahani ilipotoka ilitoka na vijiti vyake ndani, hakuna aliyevigusa wala kuvihamisha.

"Mbona mara mbili, mwanangu?"

"Kwa uhakika. Kwako wewe siwezi kubahatisha."

Maneno hayo Bi Bahiya aliyabeba mpaka Mkwajuni na kuyamwaga dukani, kila aliyekuja kununua tende akagaiwa lake. Nyie mwapimwa mara moja, mie mwanangu kanipima mara mbili. Alijivuna, na nani angemlaumu? Mzazi ana siku chache za kujivuna na siku nyingi za kungoja.

Daraja lilifungwa, na siku hiyo hiyo alihisi limekaa vibaya. Upande wa kushoto palikuwa na mkazo, mithili ya kuvaa kiatu cha mtu mwingine, na chini ya jino la pembeni palibaki upenyo ambao jicho haliuoni lakini pumzi iliuona. Alipojaribu thaa, ikapiga mluzi. Akajaribu tena, mluzi. Akarudi Sinza.

Jawad alimsikiliza kwa makini ya ajabu. Alimwuliza maumivu yanaanzia wapi, yanazidi asubuhi au jioni, yanakuja akitafuna au akisoma. Akapiga picha ya X-ray. Bi Bahiya aliyapokea maswali yale yote kama mapenzi, akajibu moja baada ya jingine bila kuchoka, na Jawad alipomaliza akamshika bega.

"Ni umri, mamkubwa. Fizi za mtu mzima zinachelewa kukubali kitu kigeni. Utazoea."

Hakuzoea. Skrubu ya kushoto ililegea, ikakazwa, ikalegea tena. Mishkaki aliiacha, nyama yoyote ya machinjioni Vingunguti akaanza kuisaga. Kila alipokwenda zahanati aliulizwa maswali yale yale na kupigwa picha ile ile, na kila alipotoka alitoka na jibu lile lile, mpaka siku moja Jawad alipoongeza kwa upole, "Unajisikiliza sana, mamkubwa. Mwingine asingehisi kitu." Kaka yake, Mzee Hashil, alipopata habari akasema Bahiya kazidi deko. Baada ya hapo Bi Bahiya akaanza kujishuku. Ni jambo baya sana hilo, mtu kushuku kinywa chake mwenyewe, alichokijua tangu kuzaliwa, kwa sababu mtoto wake daktari anasema kinamdanganya.

Alitafuta hila yake mwenyewe. Aligundua kwamba akiusogeza ulimi upande wa kulia, ukaugusa ukingo wa meno pembeni badala ya katikati, mluzi unapungua. Basi akasoma hivyo. Kwenye shughuli za watu alimwachia usomaji Mwanaasha, mwanafunzi wake wa zamani ambaye sasa ana chuo chake Magomeni, akasingizia kifua. Lakini chuoni kwake aliendelea, kwa kuwa watoto hawangojei.

Miezi ilipita namna hiyo. Kisha Jawad akampigia simu akiwa na furaha. Kulikuwa na mkutano wa madaktari wa meno, kwenye hoteli moja Sinza, naye alikuwa mmoja wa wazungumzaji. Kama mambo yangekwenda vizuri, angepelekwa nje kusoma zaidi. "Nataka uwepo, mamkubwa. Nitakuita mwishoni wakuone."

Bi Bahiya alivaa buibui lake jipya na kujifukiza udi. Felicitas, muuguzi wa Jawad, alimkalisha chumba cha pembeni na chai. Lakini mzazi gani atakaa chumba cha pembeni mwanawe akizungumza mbele ya watu? Aliposikia sauti ya Jawad kwenye spika, alisimama, akafungua mlango wa ukumbi taratibu, akasimama nyuma.

Ukutani palikuwa na picha kubwa ya kinywa kilichopanuliwa kwa vyuma, ufizi wote nje, mate yanang'aa. Juu ya mdomo palikuwa na baka dogo jeusi, upande wa kulia. Ilimchukua muda kukubali kwamba lile ni baka lake. Mwanamke ambaye hata miayo huipiga nyuma ya ushungi alikuwa amefunuliwa mdomo ukubwa wa ukuta, mbele ya wanaume waliokuwa wakinywa maji ya chupa.

"Kwa mgonjwa huyu," Jawad alikuwa anasema, "nilichukua vipimo viwili. Cha kwanza kwa njia ya haraka, vijiti vinarudishwa kwa mkono. Cha pili vijiti vimefungwa pamoja na vinatoka na sahani. Nikatengeneza madaraja mawili. Hili la pili lilikaa lenyewe kwenye mfano wa plasta, ukilifunga skrubu moja tu, upande wa pili haunyanyuki. La kwanza lilinyanyuka upande wa kushoto. Sasa, wengi wetu tunatumia njia ya haraka na tunasema tofauti ni ndogo mno, mgonjwa haihisi. Mie nikataka kujua. Nikamfungia la kwanza."

Bi Bahiya alishika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake.

"Akaihisi, tangu wiki ya kwanza," Jawad akaendelea, na sauti yake ilikuwa na fahari. "Kila alichokilalamikia kinalingana na picha. Upande, mahali, hata upenyo wa hewa. Kusema kweli ni mgonjwa mzuri sana, anaeleza kwa usahihi usio wa kawaida."

Daktari mmoja mwanamke, mnene, mwenye kitambulisho kilichoandikwa Tupokigwe, alinyoosha mkono. "Dokta, na lile daraja zuri lilikuwa wapi muda wote huo?"

"Lipo, kabatini kwangu. Leo ndio namfungia."

"Mgonjwa alijua? Aliridhia?"

"Mgonjwa ni wa nyumbani, dokta," Jawad alisema, akatabasamu. "Hana neno."

Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema walisema. Bi Bahiya alikuwa ameifundisha methali hiyo kwa watoto wasiohesabika bila kuwahi kuihisi mwilini. Alichokihisi sasa hakikuwa hasira, hasira ilikuja baadaye. Ilikuwa aibu, ya mtu aliyekuwa akisimulia maumivu yake kwa anayeyajua tayari, na kushukuru. Yale maswali yote. Asubuhi au jioni, mamkubwa? Ukitafuna au ukisoma? Na yeye akijibu kwa uangalifu, akiogopa kusahau kitu kitakachomsaidia mwanawe kumtibu.

"Jawadi," aliita.

Ukumbi uligeuka. Jawad alimwona, na tabasamu lake halikupungua hata kidogo. "Na huyu hapa mwenyewe," alitangaza, akinyoosha mkono kumwonyesha. Watu wakapiga makofi. Bi Bahiya alisimama katikati ya makofi yale hajui aweke wapi macho, kisha akatoka. Dokta Tupokigwe peke yake ndiye hakupiga.

Jawad alimfuata mpaka kwenye ngazi, mkononi ana kiboksi kidogo chenye daraja la pili.

"Mamkubwa, mbona umeondoka? Hili hapa, twende zahanati sasa hivi nikufungie. Yameisha."

"Siku ya kwanza nilipokuja kukwambia panauma, ulijua panauma?"

"Mamkubwa, ile ilikuwa..."

"Nimekuuliza. Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanambia umri. Ukanambia najisikiliza."

Jawad alishusha pumzi, kama anayemweleza mgonjwa mgumu. "Ningekwambia ukweli ungebadilisha majibu. Mtu akijua, anajibu anachotarajia. Nilihitaji mtu asiyejua, na nilihitaji mtu asiyesema uongo. Mie mtu wa hivyo namjua mmoja tu duniani."

Alilisema kama sifa, na Bi Bahiya aliona kwamba kweli kwake ni sifa. Hapo ndipo hasira ilipokuja. Alikichukua kile kiboksi, akakitia mkobani, akamwambia asimfuate.

Hakurudi Sinza Mori. Alimtafuta Dokta Tupokigwe, akaketi kwenye kiti chake cha matibabu, akamkabidhi daraja la pili. Daktari alilifungua lile la kwanza, akaigusa misumari kwa chombo, mmoja baada ya mwingine. Alipofika wa kushoto, aligusa, akagusa tena.

"Mama, huu unazunguka," alisema. "Umeachia mfupa."

"Ni kwa ajili ya kuvutwa na lile daraja?"

"Siwezi kuapa, sababu zinaweza kuwa nyingi. Lakini uliishi miezi na kitu kinachouvuta, na hilo halikusaidia. Itabidi niutoe. Mfupa upone, halafu tuone kama utapokea mwingine. Wakati mwingine haupokei."

"Na hilo zuri?"

Dokta Tupokigwe aliligeuza kiganjani. Lilikuwa zuri kweli, kila jino mahali pake. "Hili lilitengenezwa kwa misumari miwili," alisema. "Mmoja ukitoka, halina pa kukaa. Pole sana, mama. Na yale ya kuvua usiyarudishe kwanza, kidonda kikae wazi."

Bi Bahiya alirudi nyumbani na pengo lake, ushungi umevutwa mpaka puani. Siku mbili tatu alifunga chuo. Alipofungua, kwa kuwa yeye mwenyewe hawezi kusoma, aliwaambia wasichana wasome wao, mmoja mmoja, naye asikilize. Alikuwa hajawasikiliza hivyo kwa muda mrefu. Kwa kawaida husoma yeye, wao wakafuatisha kwa pamoja. Akaanza wa kwanza. Ilipofika thaa, ulimi wa mtoto ukachomoza kwenye pembe ya mdomo, kulia.

Bi Bahiya alimwambia arudie. Ukachomoza kulia. Akamwita wa pili, kulia. Wa tatu, kulia, na herufi ikatoka ya pembeni, iliyopinda, si thaa wala si sini. Watoto wenye meno mazima, meupe, wasio na upenyo wowote, walikuwa wameshika kinywa chake kama kilivyokuwa. Aliwaambia wamtazame mdomoni, nao walimtazama vizuri.

"Katikati," aliwaambia. "Ulimi katikati." Walimtazama mdomoni waone katikati ni wapi, na mdomoni palikuwa na pengo.

Ijumaa baada ya swala Jawad alikuja kutaka radhi. Hakuja mikono mitupu wala peke yake. Alikuja na Mzee Hashil, na sinia la halua, na Khulud akiwa amevaa vizuri. Mzee Hashil, mwenye sauti ya kuzoea kusuluhisha, ndiye aliyeanza.

"Bahiya, mtoto kakosa na kakiri. Safari ya masomo wamemnyima, yule daktari mwanamke kalisemea kwa wakubwa. Adhabu kaipata. Wewe ndiye mama yake, mwingine hana. Mtu hawezi kutembea duniani bila radhi ya mama yake. Mpe, yaishe."

Jawad alikuwa amepiga magoti, ameinamisha kichwa. Safari hii hakueleza chochote. Alisema tu, "Nisamehe, mamkubwa," na macho yake yalikuwa mekundu, na Bi Bahiya, aliyemwosha akiwa mtoto mchanga, alijua machozi yake ya kweli na ya uongo. Haya yalikuwa ya kweli. Moyo ulimwuma, kwa sababu ingekuwa rahisi zaidi kama yangekuwa ya uongo.

"Khulud," aliita kutoka nyuma ya ushungi. "Njoo ukae hapa. Msomee baba yako ile sura fupi."

Mtoto alikaa, akajitengeneza, akasoma. Alikuwa na sauti nzuri, ya kwao. Mzee Hashil alifumba macho kwa raha. Lakini Jawad ni mtu wa kutazama vinywa, kazi yake ndiyo hiyo, na ilipofika ile herufi aliinua kichwa.

"Mbona ulimi wake unakwenda upande?"

"Na wenzake wote," alisema Bi Bahiya. Alishusha ushungi ili aonekane anasema nini, ingawa maneno yalitoka na upepo. "Ndivyo nilivyokuwa nikisoma kwa daraja lako. Mie niliusogeza kwa kuwa palikuwa na upenyo. Wao wamesogeza kwa kuwa nimesogeza mie."

Jawad alimtazama binti yake, kisha akamtazama mamkubwa wake.

"Kinywa changu nimekusamehe, Jawadi. Mbele ya mjomba wako nakwambia, nimekusamehe, radhi yangu unayo. Lakini hao siwezi kuwanyoosha. Mie nafundisha kwa kuonyesha, na sina cha kuonyesha. Kesho nawapeleka Magomeni kwa Mwanaasha, wote, akawaanzishe upya. Hapa nafunga."

"Bahiya," alisema Mzee Hashil kwa kusihi.

Khulud alikuwa bado amekaa mkekani, mikono mapajani. Yeye ndiye mwanafunzi mzuri kuliko wote; hajawahi kuambiwa aanze upya.

"Bibi, tumekosa nini?"

"Hamjakosa, mwanangu. Muulize baba yako."

Mtoto akamgeukia baba yake, akamtazama mdomoni kama alivyofundishwa, na Bi Bahiya naye akakaa kungoja atajibu nini.